Muhula wa Tatu Bwenini: Mambo ya Kuuliza Kabla Hujamwacha Mwanao Langoni

Mzazi anayemtafutia mwanawe shule ya bweni huuliza mengi, isipokuwa shule hiyo ikiwa ya Kanisa. Langoni pameandikwa jina la Mtakatifu Kizito au Mtakatifu Yosefu, ndani pana kanisa dogo na kengele, padre wa parokia huja kusoma misa, na Sista wa ofisini anawajua wavulana wote kwa majina. Hapo mzazi hutulia. Mtu yuleyule ambaye hawezi kulipa kodi ya nyumba kabla ya kujaribu kila bomba na kila kitasa, hulipa karo na kurudi nyumbani bila kuingia bwenini hata mara moja.

Imani hiyo haikuokotwa njiani. Wamisionari na mashirika ya watawa wamesomesha watoto wa Kenya kwa zaidi ya miaka mia moja, na shule nyingi za wavulana walizozianzisha bado zinasifika kwa nidhamu na usafi. Ila sifa haizimi moto, wala haihesabu watoto saa nane za usiku. Makala haya yanamhusu mzazi mwenye mvulana katika shule ya msingi ya aina hiyo, na hasa kipindi cha kutoka mwisho wa Agosti hadi Januari.

Kwa nini kipindi hicho? Muhula wa tatu ni mfupi, kama majuma tisa tu, na ndani yake mna mitihani ya taifa. Tangu hatua kali za mwaka 2016 za kupambana na wizi wa mitihani, Wizara ya Elimu imekuwa ikizuia ziara za wazazi na hafla za maombi ya watahiniwa katika muhula huu. Nia ni njema. Lakini tokeo lake ni kwamba macho ya nje hupungua shuleni wakati ambapo walimu nao wamezamia mtihani. Usipotazama siku ya kufungua shule mwezi Agosti, huenda usipate tena nafasi ya kutazama mpaka siku ya kufunga.

Kwanza jua unayeongea naye

Shule mbili zinaweza kuwa na msalaba uleule langoni na zikawa tofauti kabisa kisheria. Moja ni ya umma: walimu wameajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na Kanisa ni mfadhili tu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili kazi ya malezi ya kiroho, huduma ya kasisi na uwakilishi katika Bodi ya Usimamizi. Haimfanyi mwajiri wa mwalimu. Ya pili ni ya binafsi, mali ya jimbo au ya shirika la watawa, na humo anayeajiri na kufuta ni mwenye shule. Malalamiko kuhusu mwalimu wa shule ya kwanza yakipelekwa kwa askofu pekee hayajafika panapotakiwa. TSC lazima ijue. Uliza mapema shule ya mwanao ni ya aina gani, na uandike jina la mwenyekiti wa bodi na la mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Hayo si majina ya kutafutwa siku ya msiba.

Ingia bwenini

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, juma la pili la muhula wa tatu, moto ulizuka katika bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, kaunti ya Nyeri. Ndani walikuwa wamelala watoto zaidi ya 150. Wavulana 21 walifariki. Haikuwa shule ya Kanisa, lakini bweni ni bweni: jengo lenye mbao nyingi, magodoro ya sponji na watoto wengi kuliko milango. Miaka 23 kabla ya hapo, Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Pale madirisha yalikuwa na nondo na mlango mmoja ulikuwa umefungwa.

Baada ya Kyanguli na mikasa mingine, Wizara ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Uhaba wetu si wa kanuni. Mwongozo unasema kati ya kitanda na kitanda pawe na nafasi isiyopungua mita 1.2, ambayo ni kama kimo cha mtoto wa miaka saba, na njia ya kupita katikati iwe na mita 2. Bweni liwe na mlango kila upande na mlango wa tatu wa dharura katikati, ulioandikwa wazi. Milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa kusukumwa nje. Madirisha yasiwe na nondo, nayo yafunguke kwa nje. Vizima moto viwekwe kwenye kila mlango, na king'ora kiwe mahali ambapo mtoto anakifikia. Mlango usifungwe kwa nje wakati wowote watoto wakiwa ndani.

Chukua futi ya fundi cherehani mfukoni. Hutaambiwa lolote ukipima nafasi ya vitanda huku ukimsaidia mwanao kutandika shuka. Kisha tazama masanduku ya bati: yako chini ya vitanda au yamepangwa kwenye njia? Gizani, katika moshi, sanduku moja njiani huangusha watoto kumi. Halafu nenda kwenye mlango wa dharura na uombe ufunguliwe mbele yako. Ukiona mtu anatumwa kwenda kumtafuta mwenye ufunguo, jibu umeshalipata.

Walimu wakuu wana sababu zao za kufuli na nondo, nazo si za kubuni. Vitu huibwa mchana, na wavulana wa Gredi ya 8 hujaribu kutoroka usiku kwenda kutazama mpira mjini. Kufunga bweni tupu mchana hakuna shida. Kanuni yenyewe inaruhusu. Kinachouza roho za watoto ni kufunga bweni lenye watu kwa sababu mlinzi ni mmoja na usiku ni mrefu. Shule inayosema haiwezi kuzuia utoro bila kufuli inasema, kwa maneno mengine, kwamba haina watu wa kutosha wa zamu ya usiku. Hilo ni jambo la bajeti, na bajeti hujadiliwa na wazazi.

Uliza pia zoezi la kutoka bwenini lilifanywa lini. Shule nyingi hufanya zoezi hilo mchana, wavulana wakiwa wamevaa viatu na wanacheka. Moto huja wakati wamelala. Zoezi lenye maana ni la usiku, taa zikiwa zimezimwa, na linaishia uwanjani kwa kuita majina. Orodha ya majina hayo haipaswi kukaa bwenini. Endarasha ilitufunza hili kwa uchungu: saa nyingi baada ya moto, watoto 70 hivi walikuwa bado hawajulikani waliko, na baadhi yao walikuwa salama, wamechukuliwa na wazazi au kuhifadhiwa na majirani bila jina kuandikwa popote. Kwa hiyo, siku ya dharura, hata kama umemwona mwanao kwa macho yako na unataka tu kumbeba muondoke, tafuta mwalimu mwenye daftari utie sahihi kwanza. Usipofanya hivyo, kuna mtu ataingia kwenye majivu kumtafuta mtoto aliye nyumbani kwako anakunywa chai.

Nawe una lako la kufanya nyumbani. Moshi wa godoro la sponji una sumu na humlevya mtoto kabla ndimi za moto hazijamfikia. Mfundishe kushuka chini na kutambaa, kwa kuwa hewa inayopumulika hubaki karibu na sakafu. Mfundishe kugusa mlango kwa mgongo wa mkono kabla ya kuufungua, na ukiwa wa moto atafute njia nyingine. Mwambie waziwazi kwamba sanduku, sare na hata viatu vipya ulivyomnunulia havina thamani yoyote usiku huo. Watoto wengine hurudi ndani kwa kuogopa kuchapwa kwa kupoteza vitu. Na usimfungie kwenye sanduku simu ya kisiri na chaja yake, au dawa ya mbu ya kuchoma. Wazazi ndio wanaoviingiza vitu hivi bwenini.

Novemba 2024 Wizara ilifunga sehemu za bweni za shule za msingi 348 zilizoshindwa kutimiza viwango. Muulize mwalimu mkuu kama shule yake ilikaguliwa wakati huo na ukaguzi ulisema nini. Mwenye shule safi hatakasirika.

Nani analala na nani

Mtaala wa CBC umeleta jambo ambalo halijajadiliwa vya kutosha. Gredi ya 7, 8 na 9 sasa ziko katika majengo ya shule za msingi. Zamani mvulana mkubwa kuliko wote shuleni alikuwa wa darasa la nane. Leo, katika shule ya bweni, kijana wa miaka 15 aliyebaleghe anaweza kuwa anatumia bafu moja na mtoto wa miaka tisa. Hakuna ubaya katika kukaa shule moja. Ubaya ni kulala chumba kimoja, kuoga saa moja, na mkubwa kupewa cheo cha kiranja wa bweni chenye mamlaka ya kuadhibu.

Katika shule za wavulana kuna tabia ya kuita uonevu "kukomaza". Kiranja anamtuma mdogo maji, anakula mkate wake, anamfulisha nguo, na walimu wanaona ni malezi ya kiume. Humohumo hupita mambo mabaya zaidi. Uliza mabweni yamegawanywa kwa umri au kwa majina ya watakatifu tu. Uliza mtu mzima wa zamu analala wapi: ndani ya bweni, chumba cha pembeni, au nyumba iliyo ng'ambo ya uwanja? Uliza ni nani humchunguza yeye. Kuhusu fimbo, usikubali mjadala. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya aina yoyote, na kinamhusu kiranja sawa na mwalimu.

Mtihani usiostahili hofu yote hii

Hapa usalama na masomo vinakutana, na ndipo wazazi wengi wanapodanganyika.

KCPE, mtihani wa taifa wa darasa la nane, ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Ilikuwa kisu: alama zake ziliamua mtoto ataingia shule ya kitaifa au ataishia ya kijijini. Hofu ya KCPE ilizoesha shule kuamsha watoto saa kumi alfajiri, kuwafundisha Jumapili baada ya misa, na kuwatoza wazazi pesa za masomo ya ziada. KCPE imekwenda, hofu yake imebaki.

Mvulana wa Gredi ya 6 hufanya KPSEA, mwishoni mwa Oktoba kwa kawaida. Mtihani huo haumchagulii shule ya Gredi ya 7. Katika matokeo yake ya Gredi ya 6, tathmini zilizofanywa shuleni katika Gredi ya 4, 5 na 6 zinabeba asilimia 60. Karatasi za mwisho zinabeba 40. Kisha KPSEA huhesabiwa kwa asilimia 20 katika alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10, miaka mitatu baadaye. Kwa maneno mengine, muhula wa tatu wa Gredi ya 6 unapoanza, sehemu kubwa ya matokeo hayo imeshapikwa na kupakuliwa. Kukesha majuma tisa hakuwezi kuibadilisha.

Gredi ya 9 ni habari nyingine. KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, inabeba asilimia 60 ya alama za kuingia sekondari ya juu, na mvulana anayeikabili ana haki ya kuichukulia kwa uzito. Hata yeye, hata hivyo, anahitaji usingizi. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka ratiba: masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na katika shule za bweni saa za kulala ni kutoka saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo ni saa nane na nusu. Linganisha na ratiba iliyobandikwa bwenini kwa mwanao. Mtoto anayeamshwa saa kumi anapita gizani kutoka bwenini hadi darasani wakati mlinzi amechoka na walimu hawajaja, halafu anasinzia somo la hesabu la saa tatu, yaani saa ambayo mwalimu anafundisha kitu kipya. Shule imeuza usalama na haikupata elimu badala yake.

Badala ya kuuliza "mmefika wapi na marudio", uliza mambo mawili yanayoweza kuharibika kweli. La kwanza: alama za tathmini za shuleni zimepelekwa kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani, KNEC, kwa kila somo na kila mwaka? Mtoto aliyehamia shuleni akiwa Gredi ya 5 ndiye hupotezewa alama, kila shule ikidhani nyingine imezipeleka. La pili: jina lake kwenye usajili linafanana herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa? Kurekebisha kosa kabla ya matokeo kutoka ni kazi ya siku moja. Baada ya hapo jiandae kwa nauli.

Na ukiitishwa pesa za masomo ya likizo ya Novemba, kumbuka kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi. Kinakataza masomo ya ziada wakati wa likizo. Jina lililoandikwa kwenye risiti, liwe "kambi ya motisha" au "programu ya malezi", halibadilishi chochote. Kambi yenyewe ni hatari pia, kwa kuwa mabweni hubaki na watoto wachache, matroni ameenda nyumbani, na daftari la majina halitumiki tena.

Mvulana naye hudhulumiwa

Msichana akinyamaza ghafla, nyumba nzima huuliza. Mvulana akinyamaza huambiwa anakua. Ndiyo maana mengi yanayowapata wavulana hujulikana wakiwa na miaka 30.

Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 haimbagui mvulana. Anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini ya hapo, wa kike au wa kiume, hukumu yake ni kifungo cha maisha. Kwa walimu, Waraka Na. 3 wa mwaka 2010 wa TSC unamtaka kila mwalimu anayejua au kushuku unyanyasaji auripoti ndani ya saa 24. Kuficha ni kosa la kinidhamu. Kanisa nalo lina sheria yake. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa waraka wa Vos estis lux mundi, akaupa sura ya kudumu mwaka 2023. Unamlazimu padre au mtawa anayepata habari au kuwa na sababu nzito ya kuamini kwamba mwenzake amemdhulumu mtoto, amweleze askofu bila kukawia, na unataka kila jimbo liwe na njia inayofikika ya kupokea malalamiko. Waraka huo hauondoi wajibu wa sheria ya nchi. Muulize padre wa parokia njia hiyo jimboni kwenu ni ipi, nani anapokea, kwa simu gani. Akibabaika, muulize tena mbele ya wazee wa parokia.

Kuna jambo moja ambalo katika shule ya Kikatoliki ni lazima mtoto aelezwe, na sijaona likielezwa mara nyingi. Mvulana akilia na kusimulia kitubioni, anaweza kudhani ameshasema kwa mtu mzima na sasa msaada unakuja. Hauji. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile, na padre hawezi kuchukua hatua kwa alilolisikia humo. Anachoweza ni kumsihi mtoto alirudie nje ya kitubio. Mwambie mwanao hivyo, bila kumtisha na bila kumdharaulisha sakramenti: dhambi zako ziseme kitubioni, lakini uovu uliotendewa si dhambi yako, useme kwa mtu atakayeweza kutenda.

Mpangie pia namna ya kukuita. Simu ya shule hupigwa mwalimu akiwa amesimama pembeni, na mtoto hawezi kusema kitu. Chagueni swali la kawaida ambalo hamlitumii kamwe nyumbani, mfano kuuliza habari za nyanya aliyekwisha kufariki. Akiliuliza, jibu, kata simu, kisha panda gari. Marufuku ya ziara hayamzuii mzazi mwenye sababu ya usalama. Nenda, na uombe kuonana na mtoto ofisini.

Dhuluma ikitokea, usifuate ngazi za malalamiko. Mambo ya chakula na karo huanza kwa mwalimu wa darasa, yakapanda kwa mwalimu mkuu, chama cha wazazi na bodi. Mambo ya dhuluma ya kingono huanza hospitali na polisi. Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi hufaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inaipunguzia nguvu. Usimwogeshe mtoto. Nguo alizovaa zitie katika bahasha ya karatasi au gazeti, si mfuko wa plastiki, kwa kuwa unyevu huharibu ushahidi. Polisi watakupa fomu ya P3, nayo haina malipo. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, saa zote, na huko kuna watu wa kukuelekeza hadi kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo yako. Atakuja mtu mwenye heshima zake akuombe mmalize mambo "kifamilia", kwa ajili ya jina la shule. Mweleze kwamba faili iko kituoni.

Siku ya kufunga

Kama basi ni la shule, sheria inalitaka liwe la manjano, na wewe litake liwe na mikanda na liondoke asubuhi. Kama mwanao atachukuliwa na mjomba, jina na nambari ya kitambulisho cha mjomba viwe ofisini kabla ya siku hiyo, na shule isimwachilie mtoto kwa mtu anayejitambulisha kwa mdomo tu. Mvulana wa Gredi ya 5 hapandi bodaboda na sanduku la bati. Sanduku liache shuleni ukalichukue Januari, halina haraka.

Novemba na Desemba

Kwa familia nyingi za Mlima Kenya na Bonde la Ufa, likizo hii ndiyo shule kubwa kuliko zote, maana ni msimu wa jando. Zamani tohara ilifuata mtihani wa darasa la nane. KCPE ilipoondoka desturi ikayumba, na sasa wapo wanaowapeleka wavulana baada ya Gredi ya 6, wakiwa na miaka 12. Parokia nyingi zimechukua nafasi hii kwa kuandaa mafunzo ya Desemba, ambapo wavulana hutahiriwa na wahudumu wa afya na kufundishwa juu ya mwili, dawa za kulevya, heshima na imani. Ni jambo jema. Maswali ni yaleyale ya bwenini: nani anawalaza, wako wangapi, mlango unafungwa kwa upande gani. Walezi wa jando ni nani, na je, vijana wa mtaani wanaruhusiwa kuingia usiku "kuwafunza" wadogo kwa pombe na makofi?

Halafu kuna hesabu ya kalenda. Kidonda cha tohara huchukua majuma sita hivi kupona kabisa, na shule hufunguliwa mwanzoni mwa Januari. Atakayetahiriwa katikati ya Desemba anarudi bwenini na kidonda, kwenye bafu la watu wengi na uwanja wa mpira. Afadhali Novemba. Damu isiyokoma, homa, uvimbe unaoongezeka au mkojo unaokataa kutoka si mambo ya kuvumilia kiume. Ni ya kwenda hospitali usiku huohuo.

Kuhusu masomo ya likizo, mpe kitabu cha hadithi cha gredi iliyo chini ya yake, asome ukurasa kwa sauti, kisha akusimulie kwa maneno yake. Akikwama hapo, umeona ambacho ripoti yenye maneno "anakaribia matarajio" haikukueleza, na una miezi miwili ya kumsomea jioni. Omba pia jalada la kazi zake za mwaka, michoro na miradi, uone kama ni za mkono wake au za mjomba fundi. Mchana mwache achunge, auze dukani, acheze. Ila kwa mvua za vuli mkataze mito iliyofurika na machimbo ya mawe yaliyojaa maji. Wavulana wanaojua kuogelea kidogo ndio huwavuta wasiojua kabisa.

Ukiamua kumhamisha, fanya hivyo kabla ya Krismasi, ofisi zikiwa wazi. Ondoka na barua ya uhamisho, nambari yake ya tathmini ya KNEC, matokeo ya tathmini za shuleni za miaka yote aliyosoma hapo, na uhakikishe shule imemwachilia kwenye mfumo wa usajili wa Wizara ili shule mpya iweze kumpokea. Na ukiamua abaki, andika barua kwa bodi kabla haijakutana kupanga bajeti ya mwaka, ukitaja ulichokiona Agosti: mlango upi, dirisha lipi, nafasi ya vitanda sentimita ngapi. Wazazi wengine watano watie sahihi. Nakala moja iende kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, nyingine kwa padre anayeshughulikia elimu jimboni, na muombe jibu la maandishi kabla ya tarehe ya kufungua.